Akili, Dadu na Saa Zetu: Mafunzo Kutoka Kitabu cha Michezo cha Mwaka 1283

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Swahaba zake.



Nimeombwa nizungumze juu ya michezo na wakati. Najua mada hii ikitajwa tu, kijana huanza kutafuta mlango wa kutokea, maana anajua kinachofuata: acheni karata, acheni dhumna, wekeni simu chini. Leo sitaanza kwa kukemea. Nataka tusafiri kidogo mpaka Hispania, tukafungue kitabu kimoja chenye umri wa zaidi ya miaka 700, kitabu ambacho picha zake karibu zote ni za watu waliokaa wakicheza. Tukishakitazama, kila mmoja wetu atajipima mwenyewe.

KITABU CHENYEWE

Kitabu hiki kiko katika maktaba ya El Escorial, karibu na mji wa Madrid. Kilikamilishwa mwaka 1283 mjini Sevilla, mji ambao Waislamu walipoutawala wakiuita Ishbilia. Aliyeamuru kiandikwe ni Alfonso wa Kumi, mfalme wa Kikristo wa Castilla, aliyetawala kuanzia 1252 hadi kufa kwake mwaka 1284. Kinaeleza michezo ya sataranji, ya dadu, na ile ya ubao inayochanganya dadu na kete. Kwa ufupi watu hukiita Kitabu cha Michezo.

Zama hizo Ulaya haikuwa na mashine ya kupiga chapa. Kila herufi iliandikwa kwa mkono, tena si juu ya karatasi bali juu ya ngozi ya mnyama iliyokwanguliwa mpaka ikawa nyororo. Mwandishi akimaliza sehemu yake, huacha nafasi tupu, na mchoraji huingia na rangi zake. Hii ndiyo kazi ya kutia nakshi vitabu, na sisi watu wa pwani si wageni nayo. Huko Siyu, kisiwani Pate, mafundi wetu wa karne ya 18 na 19 waliinakshi misahafu kwa mkono, na baadhi ya misahafu hiyo imehifadhiwa hadi leo. Tofauti ni kwamba nakshi za misahafu ni maua, majani na mistari, hutaona kiumbe mwenye roho. Kitabu cha Alfonso kimejaa watu. Kina majani ya ngozi 98 na picha zipatazo 150.

Na watu wenyewe ni wa kila aina! Utamuona mfalme na malkia. Utawaona askari, watawa wa kike wa Kikristo, Mayahudi, Waislamu wenye vilemba, mabibi wa Kiislamu waliojipamba, na watu weusi kama mimi na wewe wakicheza sataranji kwa utulivu. Kuna picha inayoonyesha mafundi wakitengeneza ubao na kuchonga kete. Kuna nyingine ambayo wachezaji wako ndani ya duka la dawa, mitungi imepangwa nyuma yao.

Sasa angalia ujanja wa mchoraji. Wachezaji amewachora kwa ubavu, mmoja huku na mwingine kule, lakini ubao ameusimamisha wima katikati yao, kana kwamba unautazama kutoka juu. Kwa macho ya kawaida ubao haukai hivyo, kete zote zingeanguka. Kwa nini akafanya vile? Kwa sababu kila picha ya sataranji ni fumbo. Maandishi yanakwambia hatua ngapi zimebaki na nani atashinda, na wewe msomaji unatakiwa uzione kete zote uufikirie mchezo. Kwa hiyo ukikifungua kitabu, wachezaji si wawili tena, ni watatu. Wa tatu ni wewe. Mafumbo ya sataranji yako 103, na mengi yake yametoka katika mapokeo ya wachezaji wa Kiislamu.

MANENO YETU NDANI YA KITABU CHAO

Hapo ndipo mtu aliyesoma madrasa anapoanza kutabasamu. Kitabu kimeandikwa kwa Kihispania cha zamani, lakini kila ukigeuka unakutana na Kiarabu. Sataranji wao wanaiita ajedrez, na hilo ni lile lile "ash-shatranj" lililotupa sisi neno letu. Kete ambayo Waingereza wanaiita askofu, Wahispania mpaka leo wanaiita alfil. Alfil ni nani? Ni "al-fil", tembo, yule yule wa Suratul Fil tuliyoihifadhi tukiwa wadogo! Kete iliyosimama mahali pa malkia wa leo waliiita alferza, kutokana na neno la mshauri wa mfalme. Na mshauri huyo hakuwa na nguvu za malkia wa sasa. Alikwenda mraba mmoja tu kwa mshazari.

Mchezo huu ulianzia Bara Hindi, ukaingia Uajemi, Waislamu wakaupokea huko na kuusambaza mpaka Andalusi. Na hawakuupokea wakiwa wamelala. Baghdad katika karne ya 10 alikuwapo Abu Bakr as-Suli, bingwa aliyecheza mbele ya Khalifa al-Muktafi na kuandika vitabu juu ya sataranji. Fumbo lake moja liliwashinda watu kwa karibu miaka 1000, mpaka bingwa wa Kirusi Yuri Averbakh alipolifumbua katika miaka ya 1980.

Kitabu cha Alfonso kina pia mchezo unaoitwa alquerque, kwa Kiarabu "al-qirq". Kila mchezaji ana kete 12, na unamla mwenzako kwa kumruka. Si unaujua huo? Wanahistoria wanauona ndio mzazi wa drafti, ile tunayocheza mitaani kwa vifuniko vya soda.

WENYE HEKIMA WATATU

Mwanzoni mwa kitabu kuna kisa, na kisa hiki ndicho uti wa mgongo wa kazi nzima. Wanasimulia kuwa huko India alikuwako mfalme aliyependa kujadiliana na wenye hekima, na watatu kati yao walikhitilafiana.

Wa kwanza alisema akili ni bora kuliko bahati. Anayeishi kwa akili hupanga mambo yake, na hata akishindwa halaumiwi, kwani alitenda inavyopasa. Wa pili akasema bahati ndiyo bora. Kama mtu ameandikiwa kupata au kupoteza, akili yake haiwezi kumtoa humo. Wa tatu akasema bora ni mwenye vyote viwili: akili ya kujikinga na balaa na ya kuitumia vyema bahati inapokuja.

Mfalme akawataka kila mmoja alete ushahidi. Wakaondoka, wakavisoma vitabu vyao, wakarudi. Wa akili akaleta sataranji. Wa bahati akaleta dadu. Wa tatu akaleta ule mchezo wa ubao wenye dadu na kete, ambao dadu huanguka itakavyo, lakini kete unaisogeza wewe kwa akili yako.

Ndugu msomaji, huu ni mjadala tunaoujua vizuri, ila sisi tunaujua kwa jina lingine. Ni mara ngapi umemsikia kijana akisema, "Riziki imeandikwa bwana, wacha nijaribu bahati"? Huyo amechanganya qadar na dadu. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimwelekeza kwanza amfunge, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kufunga kamba ni juu yako, matokeo ni ya Allah. Mwenye kurusha dadu hakufunga kamba yoyote. Anamwachia ngamia jangwani halafu anaita hiyo tawakkul!

PICHA ZA DADU

Kutoka sehemu ya sataranji ukaingia sehemu ya dadu, utahisi hewa imebadilika. Kwenye sataranji watu wamekaa kwa heshima zao, nguo zao nzuri mwilini, wengine wana vitabu mkononi, wengine wanafundishana. Kwenye dadu utawakuta watu waliokwisha kuvuliwa nguo. Naam, wamezipoteza kwenye mchezo! Mtu amekaa na nguo ya ndani tu, na bado macho yake yako kwenye ubao. Mchoraji hakuandika mawaidha yoyote pembeni. Alimchora mtu alivyo, akatuachia sisi.

Na mfalme mwenyewe aliyajua haya vizuri. Mwaka 1276, miaka saba kabla ya kitabu kukamilika, ilitungwa kwa amri yake sheria maalumu ya nyumba za kamari. Sheria hiyo iliwawekea adhabu waliotumia dadu za udanganyifu na waliomkufuru Mungu kwa hasira ya kupoteza. Lakini haikuzifunga nyumba zenyewe, kwa sababu zilikuwa zikiingiza pato katika hazina ya mfalme. Kwa hiyo, ndugu zangu, serikali kukusanya kodi ya kamari huku ikiwaonya watu wacheze kwa kiasi si jambo lililozaliwa Kenya.

Sasa iweke sheria hiyo pembeni mwa Suratul Maida, aya ya 90 na 91. Allah (s.w.t.) anatubainishia humo kuwa kamari ni uchafu wa kazi ya shetani, na kwamba kwa njia yake shetani anataka kututia uadui na chuki na kutuzuia na dhikri na swala. Tazama ulinganifu huo! Mfalme wa Kikristo aliyeishi zaidi ya miaka 600 baada ya aya kushuka analazimika kutunga sheria juu ya udanganyifu na kufuru ndani ya nyumba zile zile. Aya inakwambia mwisho wa njia, sheria ya mwaka 1276 inakuonyesha watu waliokwisha kufika.

JE, SATARANJI NAYO?

Najua kuna mkono utanyoshwa. Wanavyuoni wetu wamekhitilafiana kuhusu sataranji. Wengi katika madhehebu mengine wameikataza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli mashuhuri ni kuwa ni makruhu, na inakuwa haramu ikiingiwa na kamari au ikimpitisha mtu wakati wa swala. Michezo ya dadu imekemewa kwa ukali zaidi. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) amemfananisha mchezaji wa nardashir na mtu aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Nard hiyo ni ya ukoo mmoja na ule mchezo wa mwenye hekima wa tatu.

Mimi ni mwanafunzi tu, fatwa ni ya masheikh zetu, waulizeni. Ninachotaka mkione ni kile wanavyuoni walichokiangalia. Walitazama mchezo unamfanya nini mchezaji: unamla mali, unamla swala, unamla ndugu yake? Kwani Uislamu haukuja kutunyima furaha. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume siku ya Idi, na Bi Aisha (r.a.) akawatazama. Mtume mwenyewe alishindana naye mbio.

Hata Alfonso katika dibaji yake alilitaja jambo hili. Anasema Mungu alitaka watu wawe na furaha za kila namna ili waweze kustahimili taabu zinapowafika. Kisha akaeleza faida ya michezo ya kukaa: inaweza kuchezwa mchana na usiku, na wanawake ambao hawapandi farasi, na wazee na wadhaifu, na walio kifungoni, na walio safarini baharini. Tafakari orodha hiyo. Ni watu ambao wengine huwasahau pale furaha inapogawanywa. Tujiulize majumbani mwetu: babu aliyeketi barazani peke yake tangu Alasiri, ni nani anayekaa naye?

HEMA MOJA, WATU WAWILI

Nimeibakisha picha moja, maarufu kuliko zote. Inafunga sehemu ya mafumbo ya sataranji. Ndani ya hema wamekaa watu wawili, mmoja Muislamu, mwingine Mkristo. Mikuki yao imesimamishwa nje. Ubao uko katikati, na kila mmoja amenyosha mkono.

Ni rahisi kuitazama picha hii ukasema, "Masha Allah, watu waliishi kwa amani!" Taratibu. Sevilla ilitekwa na baba yake Alfonso mwaka 1248, na Waislamu wa mji ule wakalazimika kuhama na kuacha nyumba zao. Mwaka 1264 Waislamu waliobaki chini ya Alfonso waliasi, na wengi wakafukuzwa katika miji yao. Mchoraji alikuwa akifanya kazi katika mji ambao miaka 35 tu nyuma adhana ilisikika kila mtaa.

Lakini kisa hakiishii hapo. Mwaka 1282 mtoto wa Alfonso, Sancho, alimwasi baba yake, na sehemu kubwa ya ufalme ikamfuata mtoto. Mzee akabaki Sevilla, karibu hana mtu. Alimwomba nani msaada? Sultani Muislamu wa Morocco, Abu Yusuf Yaqub. Aliweka taji lake rehani kwake, naye Sultani akavuka bahari kumsaidia. Kwa hiyo mwaka ule kitabu kilipokamilika, Mkristo na Muislamu kuketi katika hema moja, mikuki ikiwa nje, lilikuwa jambo lililokwisha kutokea kweli. Mwana wa damu alikuwa adui, na aliyetoka ng'ambo alikuwa msaidizi.

Mimi najifunza mawili hapo. Kwanza, mkuki uliowekwa nje haukuvunjwa. Unaweza kuchukuliwa tena. Amani baina ya majirani ni kazi ya kila siku, na sisi Wakenya tunaijua bei yake pale inapokosekana. Pili, mtu huwezi kucheza na mwenzako kwa haki mpaka umwamini kuwa hatakudanganya. Mchezo safi unafundisha uaminifu, na mchezo mchafu unaufukuza.

SISI NA MWEZI HUU

Tufunge kitabu, turudi nyumbani.

Kijana mwenzangu, dadu ya leo haigongi mezani. Iko mfukoni mwako. Unabeti mechi ya timu ambayo hujawahi kufika nchini mwake, kwa pesa ya karo au pesa aliyokutumia mama, na ukipoteza hakuna anayekuona umevuliwa nguo. Hiyo ndiyo hatari yake. Yule mtu wa mwaka 1283 alikaa nusu uchi mbele za watu, pengine rafiki alimfunika kwa shuka na kumpeleka nyumbani. Wewe umevuliwa kimya kimya, umelala kitandani, na asubuhi unatoka ukiwa umevaa vizuri. Nani atakufunika? Kama uko katika hali hiyo, usingoje mpaka uwe na deni lisilolipika. Mwambie mtu mmoja unayemwamini usiku huu huu, kabla hujalala.

Na nyinyi wazazi, mkiambiwa na mtoto, mfunikeni kwanza. Maneno makali yanaweza kusubiri mpaka avae.

Kuna jambo la pili, nalo ni saa zetu. Ramadhani ikiingia tuna msemo wetu, kwamba tunacheza "kusukuma saumu". Baina ya Adhuhuri na Maghrib maskani zinajaa karata na dhumna, hakuna pesa wala ugomvi, na mtu huona hana kosa. Lakini saumu haikuja kusukumwa. Ni siku 29 au 30 tu, na kila saa iliyosukumwa imekwenda na haitarudi mwaka huu. Suratul Asri ni aya tatu tu, imeanza kwa kiapo cha wakati, na imemtaja binadamu kuwa yumo hasarani ila wale waliovuliwa. Swali la kujiuliza ubao unapokunjwa ni moja: nimeinuka hapa nikiwa na nini ambacho sikuwa nacho, na nimeacha nini ambacho nilikuja nacho? Umeinuka na kicheko na undugu, na Alasiri umeiswali jamaa? Alhamdulillahi. Umeinuka na kinyongo, na adhana ilikupita ukiwa na kete mkononi? Basi unajua jibu, huhitaji mimi.

Alfonso alikusanya michezo yote aliyoijua, akailipia wachoraji na ngozi na rangi, na mwaka uliofuata akafa. Kitabu kimebaki. Kila mtu aliyechorwa humo amekwenda kwa Mola wake na hesabu yake, mwenye akili, mwenye bahati, na mwenye vyote viwili. Zamu ya kusogeza kete sasa ni yetu.

Namuomba Allah (s.w.t.) atukubalie saumu zetu na visimamo vyetu, awatoe vijana wetu katika kamari, azibariki nyumba zetu na kutupa majirani wema, na atufikishe Idi tukiwa na afya na imani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.